Mboga na Dawa za Mwituni katika Nchi ya Wamijikenda

Yafaa taarifa ya mwaka iwe na ukurasa wa mambo ya kale, kwani chama kisichojua urithi wake hakiwezi kuutunza. Mara hii twaeleza habari za mimea ya mwituni iliyowalisha na kuwatibu wazee wetu.

Zamani Wamijikenda, makabila tisa, walikaa katika kaya, yaani miji iliyozungukwa na msitu. Mti wa kaya haukukatwa ovyo. Aliyevunja mwiko alitozwa faini ya mnyama ili mahali patakaswe. Katika karne ya 19 watu walitoka wakalima mashamba ya mbali, lakini ulinzi wa msitu ulibaki mikononi mwa wazee.

Vyakula vya porini vilikuwa vingi. Mtsunga, ambao Waswahili huuita mchunga, ni mboga chungu iotayo yenyewe mashambani, nayo ilitumiwa pia kwa maumivu ya tumbo. Majani machanga ya mbuyu yalipikwa, na unga wa tunda lake ukatiwa katika uji. Ukwaju ulitia ukali katika mchuzi, na maji yake yalinywewa kulainisha choo. Wahenga walinena, akiba haiozi. Na katika njaa kubwa, kama ile ya mwaka 1899, pori ndilo lililokuwa ghala la maskini.

Lakini ghala hilo lilitaka elimu. Viazi vikuu vya mwitu vingine vina sumu. Mama wa zamani alivimenya, akavikata vipande vyembamba, akaviloweka na kuviosha siku kadhaa, ndipo akavipika. Aliyejua kiazi asijue maji yake aliweza kuwaua wanawe. Vivyo hivyo katika dawa: mzizi bila kipimo ni hatari, na mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, usimfae mgonjwa wa kesho.

Wala wazee wetu hawakukataa mageni. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi, ukapokewa hata ukapata jina katika lugha yetu.

Mwaka 1914, wakati wa upinzani wa Wagiriama, serikali ya Kiingereza iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Tangu mwaka 1992 kaya zilianza kutangazwa kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa, na mwaka 2008 misitu 10 ya kaya iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Twashukuru. Hata hivyo sheria yaweza kuulinda mti, lakini haiwezi kukumbuka namna ya kuupika. Kumbukumbu hiyo imo vichwani mwa wazee, na vijana wengi wako mijini.

Kwa hiyo twawaomba wanachama, kila aendapo nyumbani, aketi na wazee aandike jina la mmea kwa lugha ya kwao, sehemu itumikayo, namna ya kuitengeneza, kipimo chake, na nani asipewe. Siri ya mganga ni riziki yake, hatuombi imwagwe barabarani. Lakini mboga na chakula cha njaa ni mali ya wote. Wala hatusemi hospitali iachwe. Twasema tu kwamba mzee akizikwa na elimu hiyo, mjukuu wake atapita njaa ikimwuma katikati ya chakula asichokijua.