Wafanyi Biashara wa Ukambani na Mji wa Mombasa

Mtu akiulizwa ni wapi biashara na uvumbuzi huzaliwa, hujibu upesi: mjini. Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Tazama, msomaji, habari za watu wa Kitui na Makueni, nawe utaona kwamba mji huamsha akili ya mtu, ila hauwezi kumpa akili asiyokuwa nayo.

Nchi yao ni kavu. Mvua ikikosa, njaa huingia. Kwa ajili hiyo Wakamba walizoea tangu kale kuwaendea majirani zao kununua nafaka. Tena walikuwa wawindaji hodari na wafua chuma, na sumu ya mishale yao ilisifika mbali. Aliyezoea kubeba mzigo kwa kutafuta chakula hakuona ajabu kuendelea na safari hadi pwani.

Huko Mombasa majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalitaka pembe za ndovu. Hivyo mji uliipa mali ya porini thamani mpya. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 misafara ya Wakamba, yenye watu kwa mamia, ilishuka na pembe na kurudi na nguo, ushanga, chumvi na nyaya za shaba. Wengine walifanya makao karibu na Rabai, wakawa kiungo kati ya bara na mji. Mkubwa mmoja wa biashara hiyo alikuwa Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849. Ni katika safari hiyo Krapf alipouona Mlima Kenya. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, Krapf akiwa naye safarini.

Lakini biashara hiyo ilikuwa na udhaifu wake. Wafanyi biashara wa pwani walijifunza njia, wakaanza kupanda bara wenyewe. Ndovu nao walipungua. Wala tusifiche kwamba watumwa pia waliuzwa katika njia hizo. Kisha reli, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mzigo uliobebwa kichwani kwa majuma mengi sasa ulikwenda kwa siku chache tu. Mwenye kutegemea miguu yake peke yake alipoteza kazi.

Je, huo ndio mwisho? Sivyo. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu katika njia iendayo Kitui, alikwenda Tanganyika, akajifunza huko namna ya kuchonga vinyago. Aliporudi aliifanya kazi hiyo kuwa biashara, na jamaa na majirani wakajifunza kwake. Wanunuzi walikuwa Nairobi na Mombasa. Mwaka 1963 wachongaji Wakamba waliunda chama cha ushirika huko Changamwe, Mombasa, ili wafanye kazi na kuuza pamoja.

Angalia tofauti hiyo kwa makini. Pembe iliuzwa kama ilivyotoka porini, na ufundi wa kuichonga ulibaki kwa wengine ng'ambo. Kipande cha mti kiliuzwa kikiwa kimekwisha kupita katika mikono na akili ya mchongaji. Njia ya msafara mtu aweza kukunyang'anya. Ustadi wa mkono hakunyang'anyi kwa urahisi hivyo.

Swali hilo lingalipo. Maembe ya Makueni hupendwa sana mijini, lakini embe huoza upesi, na mwenye kuuza kwa haraka hupunjwa bei. Ndiyo maana huko Kalamba kumejengwa kiwanda cha kuyasindika karibu na mashamba yenyewe.

Basi nawe, utakapokwenda mjini, usiende kwa kuduwaa tu. Uliza mji unataka nini, kisha uliza ni sehemu gani ya kazi hiyo iwezayo kufanywa kwenu. Mtembea bure si sawa na mkaa bure. Lakini atembeaye huku akijifunza huwapita wote wawili.