Pwagu, Mkwaju na Bwana Msa: kwa nini michezo ya redio haijatutoka masikioni



Kabla ya tamthilia za kwenye simu, bibi na mama zetu walikuwa na michezo ya redio. Iliyopendwa mno ni ile yenye mwizi, tapeli au siri inayongoja kufichuka.

Huko Bara ilitawala Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965. Fikirieni kijiji kama Suji, juu ya milima ya Upare wilayani Same. Nyumbani watu husema Chasu, njia ni ya kupanda mlima, na sinema iko mbali. Redio moja ya betri ilitosha kukusanya majirani. Usiku mawimbi ya masafa ya kati hufika mbali zaidi, na betri zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo.

Wakicheka na Pwagu na Pwaguzi, wajanja waliobeba jina la methali yetu: pwagu hupata pwaguzi. Kila mjanja ana mjanja wake. Mwaka 1993 ukaja mchezo wa Twende na Wakati. Mkwaju, dereva wa lori la safari ndefu, alikuwa na wanawake njiani huku mkewe Tunu akilea watoto. Mwisho wake ulikuwa UKIMWI. Tunu alijifunza kujitegemea.

Siri ya mvuto ni kwamba redio haina picha. Mlango unalia, sauti inasita, na msikilizaji anakuwa mpelelezi. Kisiwani kwetu tulikuwa na mpelelezi wa vitabuni: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilitoka mwaka 1960. Bwana Msa hakubali uvumi wa mizimu. Hutaka ushahidi kwanza.

Hapa ndipo panapotuhusu maharusi. Posa ikija, maneno huja nayo: fulani ana mke kwengine, fulani ana madeni. Suratul Hujurat inatuwekea mipaka miwili. Aya ya 6 inatuamrisha tuhakikishe habari inayoletwa na mtu asiyeaminika. Aya ya 12 inatukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana.

Basi kumuulizia mchumba kwa walii, kwa imamu wa msikiti wake na kwa majirani si dhambi, ni haki yako. Kupima afya pamoja kabla ya nikaha pia ni haki, Tunu angelishukuru. Lakini kufungua simu yake kwa siri ni jambo jengine.

Tena, bi harusi, ukiletewa habari usiipeleke mbele kabla hujaihakikisha. Mchezo wa redio ulitufunza kungoja sehemu ya wiki ijayo kabla ya kuhukumu.

Allah awajaalie waume wa kweli na nyumba zenye utulivu. Amin.