Reli ya Pamba na Msafiri wa Asubuhi

Kila linapozuka suala la msongamano wa wafanyakazi waingiao mjini asubuhi, jibu hutolewa upesi: treni ziongezwe. Jibu hilo ni zuri, lakini halijakamilika. Historia ya reli ipitayo Tororo, wilaya ya wananchi wa Petta, yaonyesha kwamba uwezo wa treni kubeba watu hauamuliwi na wingi wa mabehewa peke yake. Huamuliwa kwanza na njia yenyewe, na kwa nia ya wale walioijenga.

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo mizigo ya Uganda ilivushwa ziwani kwa meli. Katika miaka ya 1920 ilijengwa njia nyingine kutoka Nakuru kupitia Eldoret, ikavuka mpaka na kuingia Tororo. Mwaka 1929 tawi lake lilifika Soroti, na mwaka 1931, baada ya kukamilika daraja la Mto Nile huko Jinja, treni ziliingia Kampala. Shabaha kubwa ya wakoloni ilikuwa pamba iteremke pwani, na bidhaa za viwandani zipande bara.

Kwa kazi hiyo, reli moja yenye upana wa mita moja ilitosha. Robota la pamba halina saa ya kuripoti kazini. Treni ya mizigo yaweza kungoja stesheni hata saa mbili ili nyingine ipite, na robota halikatwi mshahara. Mfanyakazi hana nafasi hiyo. Huko Busia, mji usiofikiwa na njia hiyo kuu, wananchi walijitafutia usafiri wenyewe: baiskeli za kubeba abiria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili ndizo zilizozaa jina la bodaboda.

Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli liligawanyika, na huduma za abiria nchini Uganda zikafifia. Haja ya watu haikufifia. Mwaka 2012 treni za wakazi wa mjini zilianza Dar es Salaam, na mwaka huohuo Nairobi ikafungua stesheni ya Syokimau. Desemba 2015 Kampala nayo ikaanzisha treni ya kwenda Namanve, juu ya njia ileile itokayo Tororo.

Hapo ndipo urithi wa pamba unapojitokeza. Tuseme kipande cha reli moja kati ya stesheni mbili za kupishania huchukua nusu saa, na treni moja tu yaruhusiwa kuwamo. Moja ikienda na nyingine ikirudi, saa nzima imekwisha. Hata vikinunuliwa vichwa kumi vipya, vitasimama vikingoja zamu. Lakini ikijengwa njia ya kupishania katikati ya kipande hicho, kungoja hupungua kwa nusu, na treni za asubuhi zaweza kukaribia kuwa maradufu.

Vivyo hivyo, mabehewa yakizidi urefu wa jukwaa, abiria wa nyuma hawana pa kushukia. Milango ikiwa michache na myembamba, treni hukawia kila stesheni, na ucheleweshaji huo huipata treni inayofuata. Dakika zinazopotea mlangoni ni sawa na viti vilivyopotea.

Ni dhahiri basi kwamba fedha za umma zapaswa kufuata mpango: kwanza njia za kupishania, majukwaa na ishara, kisha vichwa na mabehewa. Kuongeza mabehewa juu ya njia iliyojaa ni kumimina maji katika mtungi uliojaa. Wakoloni waliijenga reli kwa hesabu ya pamba. Serikali huru hazina budi kuipanua kwa hesabu ya binadamu, na kipimo chake kiwe mfanyakazi anayefika kazini kwa wakati, kwa nauli anayoimudu.