Tangu Mtungi Hata Bomba

Habari za vita na za watawala zimeandikwa mara nyingi. Habari za maji ya nyumbani zimeandikwa kidogo, kwa kuwa wachotaji walikuwa wanawake na watoto, na kazi yao haikuhesabiwa kuwa habari. Walakini vijiji vyetu vya Iringa na Mbeya vilijengwa kwa kutazama maji kwanza. Hata Mkwawa alipojenga ngome yake pale Kalenga, aliijenga karibu na mto Ruaha Mdogo. Wajerumani waliivunja ngome mwaka 1894. Mto upo hata leo.

Zamani za mtungi watu waliweka akiba ya maji bila kufundishwa. Mama aliyepanda mlima na mtungi kichwani alijua thamani ya kila kata. Maji ya kuoshea mboga yalimwagwa penye mashina ya maboga, wala hayakutupwa njiani. Tena mahali pengi chemchemi ilikuwa na miiko yake, na miti iliyoizunguka haikuguswa. Walimu wa dini wa kwanza waliona miiko hiyo kuwa ushirikina, na baadhi yake ilikuwa hivyo kweli. Lakini mwiko ulipoondoka shoka likaingia. Baadaye watu walipanda milingoti penye mabonde, kwa kuwa hukua upesi na huuzwa vizuri, nayo hunywa maji mengi mno. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Twaona kwamba sheria hiyo imerudisha mwiko wa kale kwa jina jingine.

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianza kazi kubwa: kwa muda wa miaka 20 kila mtu wa kijijini apate maji safi mahali pasipozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, tena bila malipo. Lakini mabomba ya chuma na ya plastiki yalinunuliwa kwa fedha za kigeni, nazo zilikuwa haba. Ndipo Wizara ya Maji ilipojaribu jambo ambalo yafaa vijana wetu walijue, kwani makao yake yalikuwa hapa Iringa, na kiongozi wake alikuwa injinia Lipangile. Walitengeneza mabomba ya mianzi.

Mwanzi ulikatwa ungali mbichi, na vifundo vya ndani vilitobolewa kwa keekee ndefu ya chuma. Palipokuwa na nguvu kubwa ya maji mwanzi ulizungushiwa waya usipasuke. Kisha ulizikwa ardhini, kipande kikiungwa na kipande. Adui zake walikuwa wawili, mchwa na kuoza. Kwa hiyo ulitiwa dawa, na hapo pakawa na mashaka kuhusu afya ya wanywaji. Tena mwanzi ulitaka kukaa na maji ndani yake sikuzote, maana ukikauka hupasuka. Siku hizi wako wanaocheka wakisikia habari hizi. Sisi hatucheki. Vijiji vingi vilikunywa maji ya mianzi hiyo, na fundi wa kijijini aliweza kuitengeneza bila kungoja meli.

Katika miaka ya 1980 serikali ya Denmark ilisaidia mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma kujenga maji ya mserereko, yaani yashukayo mlimani yenyewe bila mashine. Wanakijiji walichimba mitaro kwa mikono yao na kuchagua kamati za maji. Kazi hiyo ilitufundisha jambo moja ambalo mtungi haukufundisha. Mtungi ukivuja, hasara ni ya mwenye mtungi. Koki ikivuja katika kijiji cha juu, walio mwisho wa bomba ndio wakosao maji, na mwenye koki haoni kitu.

Mwaka 1991 ulifika na ahadi haikutimia. Mahali pengi koki zilikuwa zimekauka, kwani maji ya bure hayakuwa na fedha ya kununulia hata mpira wa koki. Sera ya maji ya mwaka 2002 iliagiza watumiaji wachangie gharama. Wazee wengi walinung'unika, na kweli wajane wapaswa kuangaliwa. Lakini hatuoni njia nyingine ya kulitunza bomba.

Bati nalo ni chemchemi, ingawa wengi hawalitumii. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa 5, ikinyeshewa milimeta 10 tu, hupokea lita 400, yaani ndoo kubwa 20. Hata kama sehemu yapotea, na maji ya kwanza yenye vumbi yamwagwa, zinabaki safari nyingi ambazo binti hatakwenda mtoni naye atawahi shule. Tukuyu, kwenye mvua ipitayo milimeta 2,000 kwa mwaka, watu waweza kusema hawana haja. Iringa mjini mvua haifiki nusu yake.

Imebaki habari ya Ruaha Mkuu. Mto huu ulitiririka mwaka mzima, lakini tangu mwaka 1993 hukatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya wanyama, na viboko husongamana katika vidimbwi. Wengi wanalaumu mashamba ya mpunga ya Usangu, wengine ng'ombe. Na kwa sababu ya lawama hiyo wafugaji walihamishwa kwa nguvu mwaka 2006 na 2007. Mto haukupona kwa hayo. Wataalamu walioichunguza Usangu waliona jambo la ajabu: hata baada ya mavuno, mifereji iliachwa wazi usiku na mchana ili watu wapate maji ya kupikia na kufulia. Maji mengi yalipotea mchangani na juani kabla ya kufika, kwa ajili ya ndoo chache za kila nyumba. Kisima cha pampu karibu na nyumba kingewatosha, na lango la mfereji lingefungwa toka mwezi wa Julai hata mvua za Novemba.