Waya Chini ya Zulia

Mwaka 1930, jijini Chicago, Paul Galvin alikuwa na kiwanda kidogo, hali mbaya ya fedha na wazo moja: redio iimbe ndani ya gari linalotembea. Inasimuliwa kwamba alipokwenda benki kuomba mkopo, aliona amlainishe mwenye benki kwa kumfungia redio kwenye Packard yake. Haikupita nusu saa gari likashika moto, na mkopo ukaota mbawa.

Galvin hakususa. Juni mwaka huohuo aliendesha gari lake hadi Atlantic City kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na banda, basi akaegesha nje ya ukumbi na kufungulia redio mpaka mwisho, wapita njia wakasikia. Oda zikaja. Redio ile, 5T71, iliuzwa kati ya dola 110 na 130, na jina alilolibuni, Motorola, likaishi muda mrefu kuliko redio yenyewe.

Kufunga redio kwenye gari la zama zile hakukuwa kazi ya kumaliza kabla ya chai ya saa nne. Magari mengi ya Marekani yalikuwa ya volti 6, ilhali valvu za redio zilitaka umeme mkubwa zaidi, kwa hiyo betri za ziada zikafichwa chini ya sakafu. Plagi za injini nazo zilirusha cheche, na kila cheche ikakoroma ndani ya spika. Baadaye kikaja kidude cha kukatakata umeme wa betri zaidi ya mara 100 kwa sekunde ili transfoma iupandishe. Gari likitulia, mvumo wake ulisikika. Lakini hesabu nzima ilikuwa amperi chache tu. Waya mwembamba na fyuzi ya kioo vilitosha.

Mwaka 1955 Chrysler na Philco walileta redio ya gari isiyo na valvu hata moja, transista tupu, na miaka hiyohiyo magari mengi ya Marekani yakahamia volti 12. Mahitaji ya umeme yakashuka. Kwa karibu miaka ishirini fundi wa waya hakuwa na la kumnyima usingizi.

Aliyemharibia utulivu huo ni fundi mwenzake. Volti 12 zikipelekwa kwenye spika kwa njia ya kawaida hazitoi hata wati 10, na besi haishibi kwa kiasi hicho. Mwaka 1973 Jim Fosgate wa Arizona alitoa amplifaya yake ya kwanza ya gari, na amplifaya za jamii hiyo zikaja kubeba ndani yake mtambo wa kupandisha volti. Wati zikawa mamia, kisha maelfu. Nyumbani, kifaa cha wati 1,000 kwenye umeme wa volti 240 hula amperi 4 hivi. Kwenye gari, wati hizohizo zinadai zaidi ya amperi 80, na ukijumlisha zinazopotea kama joto unapita 100. Tena joto la waya haliongezeki kwa ustaarabu: amperi zikiwa mara mbili, joto linakuwa mara nne.

Mwaka huohuo wa 1973, nchini Kenya, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za mabasi. Mambo hayo mawili hayakujuana, ila yalikutana baadaye, na ndoa yao ilikuwa na kelele. Kwenye njia za Nairobi za kwenda Buruburu, Umoja na Rongai, vijana waliacha gari bubu lipite wakangoja lenye besi. Muziki ukawa mtaji. Kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, ziliwafunga mikanda abiria 14 na kuyavisha magari mstari wa manjano. Mbwembwe zikapungua kwa muda, kisha nganya, yaani matatu zilizopambwa, zikarudi na skrini juu.

Nganya kubwa zilileta fumbo jipya. Basi la abiria 33 lina betri mbili zilizounganishwa kufanya volti 24, na amplifaya inataka 12. Njia ya mkato ni kuigema betri moja kama mnazi, waya ukitoka katikati ya hizo mbili. Muziki unalia vizuri wiki kadhaa. Alteneta, isiyojua kinachoendelea, inazichaji zote mbili kwa mkupuo: inayogemwa haijai kamwe, mwenzake anajazwa kupita kiasi mpaka maji yanachemka. Mwenye gari hulaumu betri. Dawa ni kifaa cha kushusha 24 hadi 12, na bei yake ndiyo inayokifanya kisahaulike.

Kosa la zamani zaidi liko kwenye fyuzi. Wengi huiweka kwenye buti kando ya amplifaya, wakidhani inailinda hiyo. La, kazi yake ni kulinda waya. Ndiyo maana mafundi waangalifu huifunga karibu na betri, ndani ya sentimita 45 hivi. Waya unapopenya bati kati ya injini na miguu ya dereva, ukingo wa tundu ni kisu. Usipovishwa mpira, mtikisiko wa barabara unakula gamba la waya taratibu. Siku shaba itakapogusa bodi, betri itamwaga mamia ya amperi. Fyuzi iliyoko nyuma itabaki nzima, safi kabisa, huku zulia likiungua.

Siku hizi kuna pia waya wa alumini uliopakwa shaba, mnene kwa macho na mwepesi kwa bei. Fundi mzoefu huukwangua kwa kisu: mwekundu nje na mweupe ndani ni alumini, mweupe nje na mwekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati. Alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, hivyo unene uliotosha jana hautoshi.

Kisha anachukua mita. Injini inanguruma, besi inapigwa kwa nguvu, anapima: kwenye betri 13.8, kwenye amplifaya 11.8. Volti 2 zimekosekana njiani. Kwa amperi 80 hizo ni wati 160, na zipo palepale chini ya zulia, zikiupasha moto waya.