Wajawazito Wasioandikwa: Nyanda za Juu Kusini kutoka Mafua ya 1918 hadi UVIKO-19

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia iliishia jirani kabisa na Nyanda za Juu Kusini. Mwishoni mwa Septemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliuvuka Mto Ruvuma akitokea Msumbiji, akapita pande za Songea na Ubena, na tarehe 1 Novemba akaingia Rhodesia ya Kaskazini, si mbali na Tunduma ya leo. Tarehe 25 Novemba aliweka silaha chini mjini Abercorn, ambao sasa unaitwa Mbala. Nyuma yake walibaki wakulima ambao kwa zaidi ya miaka miwili walikuwa wamechukuliwa nafaka, ng'ombe na vijana wao na majeshi ya pande zote mbili.

Wiki hizo hizo mafua makali yalikuwa yanapanda kutoka kusini. Yaliteremka melini Cape Town mwezi Septemba, yakasafiri kwa reli hadi Bulawayo mwezi Oktoba, kisha yakafuata njia za miguu kuelekea Nyasa na mpaka wa Tanganyika. Waliozitembea njia hizo kwa wingi walikuwa wapagazi, ambao upande wa Nyasa waliitwa tengatenga. Walikuwa wanarudi makwao wakiwa wamedhoofika kwa njaa, kuhara na safari za miezi. Maradhi yaliingia nao vijijini.

Yalifika wakati mbaya kuliko wote. Novemba ndiyo mwanzo wa mvua Rungwe, Mbeya, Njombe na Iringa, na anayechelewa kulima siku hizo hulala njaa mwaka unaofuata. Mafua ya 1918, kinyume na mafua ya kawaida, hayakuwalenga wazee na watoto peke yao. Yaliua sana watu wa kati ya miaka 20 na 40, yaani wenye kushika jembe na wenye kuzaa. Mwanahistoria James Ellison, aliyechunguza janga hilo kusini-magharibi mwa Tanzania, ameonyesha jinsi maradhi na njaa kali vilivyofuatana katika kumbukumbu za watu wa huko.

Miongoni mwa watu hao wa miaka 20 hadi 40 walikuwamo wajawazito. Hapo ndipo historia inapokatika.

Ni wajawazito wangapi walikufa Rungwe au Uhehe mwaka ule? Ni watoto wangapi walizaliwa njiti, au wakazaliwa wafu? Hakuna daftari linalojibu. Wamoravian walikuwa wamefungua misheni ya Rungwe tangu 1891, na Wabenediktini walikuwa wamefika Tosamaganga mwaka 1896. Lakini majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yaliiteka Tukuyu Mei 1916 na Iringa Agosti mwaka huo, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa. Vituo vyao vilibaki mikononi mwa waalimu wa Kiafrika, na baadaye wamisionari wa Kiskoti kutoka Livingstonia wakaja kushika sehemu yake. Vitabu vya ubatizo na mazishi vilivyosalia viliwahusu waumini, ambao walikuwa wachache. Serikali mpya ya Waingereza ilikuwa bado inajipanga. Mama aliyejifungua kwa msaada wa mkunga wa jadi, akafa siku ya tatu kwa kukosa pumzi, alizikwa na ukoo wake bila jina lake kuandikwa na yeyote.

Kinachofahamika kuhusu wajawazito na mafua yale kinatoka mbali. Mwaka 1919 daktari John Harris wa Marekani alichapisha majibu aliyokusanya kutoka kwa madaktari wenzake juu ya wajawazito 1,350 waliougua. Karibu nusu yao walipata nimonia. Takriban asilimia 27 ya wote walifariki, na karibu nusu ya waliopata nimonia walipoteza mimba au walijifungua kabla ya wakati.

Sababu zinaeleweka vizuri zaidi leo. Mimba inapokua, mji wa mimba huusukuma juu msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mapafu hupungukiwa nafasi wakati ule ule ambapo mwili unahitaji oksijeni kwa ajili ya watu wawili. Damu ya mjamzito huganda upesi kuliko kawaida, na kinga yake hubadilika ili imvumilie mtoto. Maradhi ya mapafu yakimkuta katika hali hiyo, hana akiba ya pumzi ya kutosha.

Athari hazikuishia siku ya kujifungua. Mwaka 2006 mchumi Douglas Almond alifuatilia takwimu za sensa za Marekani na kukuta kwamba waliokuwa tumboni wakati wa janga la 1918 walisoma miaka michache zaidi na walikuwa na ulemavu mwingi zaidi utu uzimani kuliko waliozaliwa muda mfupi kabla au baada yao. Watoto wa Kinyakyusa, Kihehe na Kibena waliozaliwa mwaka 1919 walipitia maradhi hayo hayo pamoja na njaa juu yake. Hakuna aliyewafuatilia.

Miaka sabini baadaye, Nyanda za Juu Kusini zilionyesha kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Tayari mwaka 1974 Tanzania ilikuwa imeanzisha mpango wa huduma za mama na mtoto, na kliniki ya wajawazito ikawa desturi: kadi, mizani, kupima damu, chanjo ya pepopunda. Ukimwi ulipoenea kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, Mkoa wa Mbeya, kwa msaada wa Ujerumani, ulianza mwaka 1988 kupima sampuli za damu zilizochukuliwa kliniki za wajawazito, bila majina, mwaka baada ya mwaka. Kwa miaka 13 wajawazito wa Mbeya wakawa kipimo cha afya ya mkoa mzima. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 15 hadi 24, maambukizi yalikuwa karibu asilimia 20 mwaka 1994, na kufikia mwaka 2000 yalikuwa yameshuka hadi karibu asilimia 15. Takwimu hizo zilionyesha kwamba elimu, kondomu na tiba ya magonjwa ya zinaa vilikuwa vinazaa matunda. Kutoka katika mazingira hayo kilikua pia kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) jijini Mbeya, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Munich, ambacho kimechunguza kifua kikuu na UKIMWI kwa miongo kadhaa. Mkoa huu ulijua kuhesabu, na ulijua faida yake.

Kisha ikaja Korona. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata shule zikafungwa. Kwa Nyanda za Juu Kusini njia ya maradhi ilikuwa karibu ile ile ya 1918, ila sasa ni lori badala ya mpagazi. Mapema Mei, Zambia ilitangaza wagonjwa 76 kwa siku moja katika Nakonde, mji unaotazamana na Tunduma, na Rais Edgar Lungu akaufunga mpaka huo kwa siku kadhaa. Foleni za malori zikarefuka upande wa Songwe, na madereva hao hao ndio wanaolala na kula Mbeya, Makambako na Iringa.

Wakati huo hesabu ya taifa ya wagonjwa ilisimama. Takwimu za mwisho za mwaka 2020 zilibaki wagonjwa 509 na vifo 21. Watu walijifukiza nyungu, wakanywa tangawizi na limau, wakaenda kusali, na wajawazito wakaendelea kwenda kliniki au kuacha, kila mmoja kwa hofu yake.

Wimbi la mwanzo wa 2021 lilikuwa zito zaidi. Tarehe 26 Januari Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, chini ya rais wake, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Jimbo Kuu la Mbeya, lilitoa waraka wa kuwaonya waamini kuhusu wimbi jipya na kuwataka wajikinge. Mwanzoni mwa Machi katibu wa baraza hilo, Padri Charles Kitima, alieleza kwamba ndani ya miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki. Kanisa lilikuwa na orodha ya watu wake, likaweza kusema. Wajawazito hawakuwa na chombo cha kuwasemea, ingawa kila mmoja wao alikuwa na kadi ya kliniki mkobani.

Kwa hiyo, kama ilivyokuwa 1919, maarifa yametoka kwingine. Utafiti wa INTERCOVID, uliochapishwa Aprili 2021, ulilinganisha wajawazito 706 walioambukizwa na 1,424 wasioambukizwa katika nchi 18, zikiwamo Ghana, Nigeria na Misri. Walioambukizwa walipata zaidi shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, walijifungua zaidi kabla ya wakati, na hatari yao ya kufa ilikuwa takriban mara 22. Utafiti mwingine ulioongozwa na Jean Nachega ulikusanya taarifa za hospitali za Ghana, Kongo, Nigeria, Kenya, Afrika Kusini na Uganda, wakiwamo wajawazito 510 walioambukizwa. Nao ulikuta hatari kubwa ya kuhitaji oksijeni, kulazwa chumba cha mahututi na kufariki. Majirani zetu wa kaskazini na magharibi wamo katika jedwali hilo. Tanzania haimo.

Mwaka 2023 uchambuzi wa tafiti 12 zenye wajawazito zaidi ya 13,000 ulithibitisha picha hiyo. Takwimu za hospitali za Marekani zilionyesha kwamba wakati wa kirusi cha Delta hatari ya kuzaa mtoto mfu kwa mama mwenye maambukizi ilifika mara nne. Mara nyingine kondo la nyuma lenyewe lilishambuliwa, mtoto akakosa hewa akiwa bado tumboni.

Kwa watoto wachanga kulikuwa pia na habari njema. Katika INTERCOVID ni asilimia 13 hivi ya watoto wa mama walioambukizwa waliopimwa na kukutwa na kirusi, na kunyonyesha hakukuongeza hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mama na mtoto wasitenganishwe, mama avae barakoa, anawe mikono na anyonyeshe. Ushauri huo ulikuwa na uzito mkubwa katika wodi za Nyanda za Juu Kusini, ambako mtoto njiti hukingwa na baridi kwa kuwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Kumtenga mtoto wa kilo moja na nusu na mama yake katika usiku wa Julai wa Iringa kungekuwa hatari kuliko kirusi chenyewe.

Chanjo ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, siku nne baada ya dozi zaidi ya milioni moja za Janssen kuwasili. Uvumi kwamba inaharibu uzazi ulienea na kuwatia hofu wasichana na wajawazito. Oktoba mwaka huo serikali ilizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikaenda kwenye mitambo ya oksijeni, vyumba vya mahututi na magari ya wagonjwa. Vifaa hivyo vinamsaidia pia mama anayetoka damu au mwenye kifafa cha mimba. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Hayo ni mafanikio ya kweli, lakini wastani wa miaka hauonyeshi kilichotokea Februari 2021 katika wodi moja.

Tofauti na 1918, safari hii daftari lipo. Kila kituo cha afya nchini hujaza vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya: namba 6 cha wajawazito, namba 12 cha wodi ya wazazi, namba 13 cha mama na mtoto baada ya kujifungua. Havikuandika Korona, lakini viliandika tarehe, umri wa mimba, uzito wa mtoto, mtoto hai au mfu, mama hai au marehemu. Vitabu vya Hospitali ya Wazazi Meta jijini Mbeya, vya hospitali ya rufaa ya Iringa na vya Tosamaganga, vikisomwa mwezi kwa mwezi kuanzia 2018 hadi 2022, vinaweza kuonyesha kama njiti na vifo viliongezeka wakati wa mawimbi, na kama idadi ya waliokuja kujifungulia hospitali ilipungua. Watoto wa miezi hiyo wanafikia umri wa kuanza shule, na wengi wa mama zao wapo, wanaweza kuulizwa. Kazi hiyo inahitaji mtu wa takwimu, mkunga mzoefu anayezielewa alama za vitabu hivyo, na kibali cha hospitali, kabla vitabu vya 2020 na 2021 havijaondolewa rafuni kupisha vipya.