Hifadhi ya data katika kundi la seva: Nakala nyingi si akiba

KUNDI la seva ni kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa mtandao wa ndani, zikafanya kazi kana kwamba ni kompyuta moja. Benki, hospitali, vyuo vikuu na kampuni za simu huyategemea makundi ya aina hii kuhifadhi data ambayo haiwezi kutoshea katika mashine moja, wala haifai kuachiwa mashine moja.

Faida yake kuu ni kwamba kila kipande cha data huwekwa zaidi ya mahali pamoja. Mathalan, katika Ceph, programu huria iliyobuniwa na Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, na kuelezwa hadharani mwaka 2006, desturi ni kuweka nakala tatu katika seva tofauti. Seva moja ikizimika, zilizosalia huendelea kuhudumu, na aghalabu mtumiaji hatambui kwamba lipo lililotokea.

Hata hivyo, usalama huo una gharama. Seva nne zenye terabaiti 10 kila moja hufanya jumla ya terabaiti 40, ilhali kwa nakala tatu, data halisi inayoweza kuwekwa humo ni kama terabaiti 13 tu.

Isitoshe, nafasi hiyo haistahili kujazwa yote. Iwapo terabaiti 32 kati ya 40 zimetumika, msimamizi huona asilimia 80 na kudhani mambo ni shwari. Lakini seva moja ikifa, mfumo hujaribu kuziunda upya nakala zilizopotea katika seva tatu zilizosalia, zenye terabaiti 30 pekee. Shehena ya 32 haiwezi kuingia humo. Kwa kawaida Ceph hutoa onyo diski inapojaa kufikia asilimia 85, na ikifika 95 hukataa kupokea data mpya. Anayengoja onyo ndipo aanze kutafuta diski za kuongeza huwa amechelewa.

Jambo la pili la kufahamu ni akidi. Kama vile Bunge lisivyoweza kuendesha shughuli zake bila idadi maalumu ya wabunge, seva zinazosimamia kundi haziwezi kuamua lolote bila wingi wao kuwasiliana. Zikiwa tatu, sharti mbili zionane. Kanuni hii huzuia hatari moja kubwa: mtandao ukikatika katikati, kila upande unaweza kujiona ndio wenye kundi, pande zote mbili zikaandika data inayokinzana. Ndiyo maana seva hizo huwa witiri, tatu au tano, kwa kuwa nne hustahimili kupotea kwa moja tu, sawa na tatu.

Kutafuta kasoro

Hitilafu inapozuka, fundi mwenye uzoefu huanza kwa kutazama kabla ya kugusa. Husoma hali ya kundi zima, kisha kumbukumbu za kila seva, akitafuta lililobadilika kwanza.

Saa za seva huchunguzwa mapema. Zikitofautiana kwa zaidi ya sekunde 0.05, Ceph hulalamika, kwani seva zisizokubaliana kuhusu wakati hushindwa kukubaliana kuhusu mengine. Kisha hufuata mtandao: kebo iliyolegea au swichi mbovu huweza kufanya seva nzima ionekane inakufa na kufufuka.

Diski huja baadaye, na iliyo hatari zaidi huenda isiwe ile iliyokufa. Diski iliyokufa huondolewa na kazi ikaendelea. Inayougua hujibu polepole mno, na kwa kuwa kila uandishi hungoja nakala zote zikamilike, hiyo moja huchelewesha kundi zima.

Subira pia ina nafasi yake. Diski isipoitika, Ceph kwa kawaida hungoja dakika 10 kabla ya kuanza kuihamisha kazi yake kwingine. Anayezima seva ili kuikarabati sharti auarifu mfumo kwanza, la sivyo data nyingi itahamishwa bure.

Kupanua

Kuongeza diski huamsha uhamisho mkubwa, kwa kuwa mfumo husawazisha mzigo upya. Inafaa kuongeza seva moja baada ya nyingine, zenye ukubwa unaokaribiana, kudhibiti kasi ya uhamisho ili watumiaji wasikwame, na kutoondoa chochote cha zamani hadi nakala zote zikamilike.

Kosa la binadamu, lakini, halizuiliwi na diski nyingi. Mnamo Januari 31, 2017, hifadhidata ya kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waundaji programu, ilikuwa katika seva mbili: kuu, na ya pili iliyopokea nakala. Mzigo ulipozidi, ya pili ilisalia nyuma na unakili ukakwama. Mhandisi akaamua kuifuta data ya seva ya pili ili aanze kunakili upya, lakini amri hiyo akaitoa katika seva kuu. Aliposhtuka na kuisitisha punde baadaye, takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5.

Akiba ya kila siku nayo haikuwapo. Programu ya kuitengeneza ilikuwa ikishindwa kwa kuwa toleo lake halikuwiana na la hifadhidata, na barua pepe za kuarifu kosa hilo zilikuwa zikikataliwa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameitoa kwa shughuli nyingine muda wa saa sita hivi awali. Yaliyoandikwa katika hifadhidata baada ya hapo yalipotea.

Nakala za kundi hulinda dhidi ya mashine kuharibika. Hazilindi dhidi ya amri mbaya, kwani amri ya kufuta hutekelezwa kwa nakala zote kwa utiifu uleule. Akiba ya kweli hukaa nje ya kundi.

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Ya kompyuta huoza, na njia pekee ya kujua ni kuirejesha mara kwa mara katika seva ya majaribio, kabla ya siku ya kuihitaji.